Jeti ya Nairobi

Pikipiki ilikuwa ya mume wangu, lakini injini ilikuwa yangu. Yeye aliiendesha na kuiosha kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani, ila hakuwahi kujua kilichokuwa kikitendeka ndani yake. Mimi nilijua, au nilidhani najua. Nilikuwa nimesomea umakanika katika chuo cha ufundi kijijini kwetu, huko magharibi, si kwa kupenda bali kwa sababu darasa la ushonaji lilikuwa limejaa siku nilipofika na godoro langu kichwani. Miaka miwili nilifungua na kufunga injini za mashine za kusagia mahindi. Nilipoolewa na kuletwa Nairobi nilipata kazi katika kiwanda cha nyuzi huko Industrial Area, na spana zangu zikakaa chini ya kitanda ndani ya mfuko wa turubai.

Tuliishi Mbotela, chumba kimoja katika nyumba za baraza la jiji. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Mume wangu alipopunguzwa kazi kwenye karakana ya reli, alijinunulia pikipiki kuukuu, zile za mipigo miwili ambazo petroli huchanganywa na oili ndani ya tangi moja, akawa anapelekea vibanda vya Donholm mikate. Pikipiki ile ilitoa moshi wa buluu hadi majirani wakawa wanafunga madirisha wakimsikia anakuja. Kila baada ya siku mbili tatu plagi ililowa ikawa nyeusi kama tako la sufuria, na injini ikazima popote ilipokuwa. Siku moja ilizima katikati ya Jogoo Road saa ya watu kwenda kazini. Basi lililokuwa nyuma yake lilimpita karibu kiasi cha kumng'olea kioo cha pembeni. Aliingia nyumbani ameshika kile kioo mkononi, akakiweka juu ya meza.

“Mama,” akaniambia, “hiki kitu kitaniua. Kitengeneze.”

Nilikwenda kwa fundi wa pikipiki aliyekuwa na kibanda kando ya Jogoo Road, mtu mzima mwenye maneno machache, sikio lake moja limekufa kwa makelele ya injini. Nilimpelekea plagi aione. Aliigeuza mara mbili, akauliza pikipiki ilitoka wapi. Nikamwambia aliyetuuzia aliitoa Mombasa.

“Basi inakunywa petroli ya Mombasa,” akasema. “Hapa tuko juu, hewa ni nyepesi. Punguza jeti.”

Jeti ni kipande cha shaba kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Kina tundu jembamba, na petroli hupita humo kwenda kukutana na hewa ndani ya kabureta. Tundu likizidi ukubwa, petroli huwa nyingi, injini hukohoa na plagi hulowa. Likizidi udogo, hewa ndiyo huwa nyingi; injini huchangamka na kuvuta vizuri, lakini huchemka. Fundi alichakura kopo lake akanipa jeti ndogo, namba themanini na tano. Ile iliyokuwa ndani ilikuwa tisini na tano. Niliibadilisha Jumapili mchana, mlangoni kwetu, kabureta ikiwa juu ya gazeti, na ile kubwa nikaitupia ndani ya mfuko wa spana. Jioni yake mume wangu alienda hadi Donholm na kurudi, na alipoichomoa plagi ilikuwa rangi ya kahawia, kama chai ya maziwa. Ndivyo inavyotakiwa.

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimeonja kusifiwa. Wiki iliyofuata nilifungua kifuniko cha pembeni nikashughulikia taimingi, yaani ule wakati ambao cheche ya plagi huruka. Huruka pale vyuma viwili vidogo tunavyoviita pointi vinapoachana. Niliweka karatasi ya sigara katikati yavyo, nikalizungusha gurudumu la sumaku la injini polepole kwa mkono huku nikiivuta ile karatasi. Ilipochomoka ndipo cheche ingeruka. Ilichomoka sawasawa kwenye alama ya kiwandani. Nikalegeza skrubu, nikasogeza bamba lote lililoshika zile pointi upana wa uzi, ili cheche iwahi zaidi. Hakuna aliyenituma. Nilijua tu kwamba cheche ikiwahi kidogo, pikipiki hukimbia zaidi. Nayo ikakimbia. Mume wangu alirudi akicheka peke yake, na mama yake, aliyekuwa amekuja kutoka nyumbani kutibiwa macho na alikuwa akikaa kwetu, akasema hajawahi kuona mwanamke mwenye mikono kama yangu.

Ijumaa moja jioni mtu alitupigia hodi. Alikuwa ametoka Magadi, kule chini kwenye ziwa la magadi, ambako mdogo wake mume wangu alikuwa akifanya kazi za kibarua. Alituambia kijana anaumwa tangu wiki iliyopita, hali chakula, na wakati mwingine hawatambui watu. Mama mkwe hakulia. Aliuliza tu ni nani anayempa maji.

Asubuhi saa moja mume wangu alikuwa amefunga chupa ya oili ya akiba nyuma ya kiti.

“Si ungoje basi, baba,” nikamwambia.

“Basi linaondoka saa nane mchana, tena likiamua. Na hii siku hizi si inakimbia? Wewe mwenyewe umeitengeneza. Kesho jioni nitakuwa hapa.”

Mama yake alimshika kichwa akamwombea. Nami nikaenda kazini, kwa kuwa Jumamosi tulifanya kazi nusu siku. Sikuwa na wasiwasi wowote. Jambo hilo hunishangaza hata leo, kwamba zile saa tano nilisimama mbele ya mashine ya kuvingirisha nyuzi nikiwaza habari za mboga.

Saa sita nilivuka reli kurudi nyumbani, nikapita kwa fundi kumsalimia.

“Mzee hajambo?” akauliza.

“Hajambo. Ameenda Magadi kumwona mdogo wake.”

“Na basi gani asubuhi?”

“Ameenda na pikipiki.”

Alikuwa anakaza nati. Mkono wake ukasimama. Akageuza kichwa ili sikio lake zima lielekee kwangu. “Na ile jeti niliyokupa?”

“Ndiyo iko ndani.”

“Mama, Magadi ni chini. Unapita milima ya Ngong, halafu unateremka, unateremka, hadi masikio yanaziba. Hewa ya huko ni nzito, na jua lake unalijua. Ile jeti ni ya hapa, ni jeti ya Nairobi. Kule ni kama kumnyima mtu maji.”

Nilielewa kabla hajamaliza. Nilielewa pia jambo ambalo yeye hakulijua, habari ya ule upana wa uzi. Hewa nyingi, petroli kidogo, na cheche inayowahi: yote matatu huongeza moto, na nilikuwa nimeyaweka pamoja kwa mikono yangu ndani ya injini moja. Habari ya taimingi sikumwambia.

“Inafanyaje ikizidiwa?” nikauliza, ingawa nilijua.

“Pistoni inavimba kwa joto, inashika silinda. Gurudumu la nyuma linafunga ghafla. Kama amewahi klachi, anapona.”

“Na asipowahi?”

Aliniuliza kama bado ninayo ile jeti kubwa. Kisha akatazama jua akasema basi la Magadi halijaondoka.

Nilikimbia. Mwanamke mzima mwenye leso kiunoni, nikikata katikati ya nyumba za Mbotela, watoto wakinipisha. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe kwa kuyapapasa, kwa sababu macho hayakumsaidia. Aliuliza ni nani anakimbia hivyo. Nikamwambia ni mimi, nina haraka ya kwenda mjini mara moja. Nilimwaga mfuko wa spana kitandani, nikaipata jeti chini ya bisibisi. Nikararua karatasi ya daftari nikaandika: “Usiipande tena kabla hujabadilisha hii. Kosa ni langu, si lako.” Niliifunga jeti ndani ya karatasi hiyo, nikaifunga tena kwa uzi wa kiwandani, mizunguko mingi kuliko iliyohitajika, kwa kuwa mikono yangu haikutaka kuacha.

Nilipofika mjini basi lilikuwa likipakia magunia ya viazi juu ya paa. Kondakta alikuwa kijana mwenye kofia ya sufu.

“Sema, mathe. Unaenda?”

“Siendi. Nina mzigo.” Nikampa kile kifurushi. Akakitikisa sikioni.

“Na hii ni nini?”

“Ni ya pikipiki. Kuna mwanamume ameenda Magadi na pikipiki nyekundu, amevaa koti la kijani. Ukimkuta kule mpe hii. Na ukimwona njiani, tafadhali simamisha gari.”

“Njiani wapi?”

“Popote.”

Alikuwa akitabasamu, akaacha. Aliniangalia, kisha akakiweka kifurushi ndani ya mfuko wa shati na kufunga kifungo. “Nitaangalia upande wangu,” akasema. “Dereva ataangalia wake.”

Basi liliondoka saa nane na nusu. Nilisimama pale hadi watu wa mabasi mengine wakaanza kuniuliza ninakwenda wapi.

Siku hizi mtu angepiga simu. Sisi hatukuwa na pa kupiga. Nilipiga hesabu ya saa. Kama alitoka saa moja, basi kufikia saa nne alikuwa ameshateremka, na lolote lililokuwa la kutokea lilikuwa limeshatokea wakati mimi nawaza sukumawiki. Basi langu lilikuwa linamfuata mtu aliyefika salama, au mtu aliyekuwa amelala barabarani tangu asubuhi. Usiku ule sikulala. Kila pikipiki iliyopita Jogoo Road niliisikiliza kwa tumbo, nikizitambua moja moja: hii si yetu, hii si yetu.

Jumapili mama mkwe alitaka twende kanisani. Alisimama mbele ya watu, akatoa shukrani kwa Mungu aliyemwezesha mwanawe mkubwa kumfikia mdogo wake. Alishukuru kabla ya habari. Nilikuwa nimemshika mkono ili asijikwae, na nilitamani ardhi inifunike.

Tulirudi, tukapika. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja. Yeye alikuwa ameketi kwenye kigoda, uso ameuelekeza mlangoni kana kwamba anaona. Ilipotimia saa kumi na mbili akasema, “Mtoto wangu, wewe unajua kitu.”

“Kitu gani, mama?”

“Tangu jana unatembea kama mtu aliyebeba mayai. Mimi ni kipofu nusu, si kiziwi.”

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia yote, na la taimingi nikamwambia, ambalo sikuwa nimemwambia yeyote. Nilingoja aniambie nimemuulia mwanawe, au wanawe wote wawili. Badala yake alinyoosha mkono akasema, “Nionyeshe hicho kijeti.”

“Nimekituma kwa basi, mama.”

“Basi nieleze kikoje.”

Nilimweleza. Hakutosheka. Aliniuliza pistoni ni nini, nikamletea mchi na kinu kidogo cha kitunguu saumu, nikamwingizia mchi ndani ya kinu akiwa ameushika. Nikamwambia chuma kikipata moto huvimba. Aliupandisha na kuushusha mchi mara kadhaa.

“Na unashika wapi?”

“Ubavuni, mama. Upande moshi unapotokea.”

“Ikishika anaanguka.”

“Anaweza kuanguka. Anaweza pia asianguke.”

Aliuacha mchi ndani ya kinu. “Tangu jana ninaogopa na sijui ninaogopa nini,” akasema. “Nilikuwa naogopa simba, naogopa majambazi, naogopa shimo. Afadhali sasa nikiogope kitu kimoja.” Kisha akanikalisha karibu yake kwenye mkeka. Hakunilaumu, lakini hakuniambia pia kwamba si kosa langu. Tuliketi hivyo hadi giza likaingia, bila mmoja wetu kukumbuka kuwasha taa.

Jumatatu nilienda kazini kwa sababu kukaa nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Kabla ya saa sita askari wa getini alikuja kati ya mashine, jambo ambalo hakulifanya ila kwa misiba. Alimwambia msimamizi neno, msimamizi akanitazama.

“Kuna mtu getini anakuuliza,” akasema.

“Mtu gani?”

“Sijui. Nenda tu.”

Kutoka pale hadi getini ni kama hatua mia. Nilikuwa nimevaa aproni iliyojaa vumbi la pamba, nikawa ninaipangusa njiani, nikifikiri huyo ni mjumbe na haifai kupokea habari hiyo nikiwa mchafu. Nilipanga nitakavyomwambia mama yake. Nilipanga nani atasafirisha mwili hadi magharibi. Mlango mdogo wa geti ulikuwa wazi, na nje, chini ya jua, alisimama mume wangu, mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa shuka ya Kimaasai, upande mmoja wa uso umechubuka hadi nyama nyekundu.

Niliketi chini palepale kwenye kokoto.

Naye akachutama mbele yangu kwa shida. “Ndugu yangu anaendelea vizuri,” akasema kwanza. “Ni malaria ilimpanda kichwani. Jana amekunywa uji.”

Kisha akanieleza. Aliteremka vizuri, mkono wa mafuta ameufunga, akivizia kona. Chini kule barabara iliponyooka na hakukuwa na gari mbele wala nyuma, akafungua mafuta yote. Injini ikaimba, akasema, haijawahi kuimba hivyo. Halafu sauti ikalegea, kama mtu anayekatwa usemi, na gurudumu la nyuma likafunga. Aliteleza na pikipiki, akatupwa kwenye changarawe, mfupa wa bega ukavunjika. Wanawake wawili waliokuwa wakipeleka punda majini walimvuta hadi kwenye kivuli cha daraja, wakamfunga mkono, wakamwachia maji. Malori mawili yalipita bila kumwona. Alikaa pale tangu saa nne asubuhi.

“Saa kumi na moja basi likasimama,” akasema. “Halikunipita. Kondakta akashuka akiniita, ‘Wewe ndiye mzee wa koti la kijani?’ Nikadhani nimeanza kuota.”

Alikuwa amesoma barua yangu akiwa ameketi ndani ya basi hilo, lililompeleka hadi Magadi na kumrudisha asubuhi ile.

“Kwa nini hukuniambia kabla sijaondoka?” akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua.

“Sikujua.”

Alinitazama, na nikaona kwamba jibu hilo lilimtisha kuliko lingine lolote ningeweza kumpa. Alikuwa amezoea kuamini kwamba najua.

Pikipiki ililetwa na lori baada ya siku nne. Niliifungua kichwa mbele ya fundi. Pistoni ilikuwa imekwaruzika ubavuni, upande wa ekzosi, kama nilivyomweleza mama mkwe. Lakini utosi wake ulikuwa na vijishimo vidogo vidogo, kana kwamba kuku ameudonoa. Fundi alivipapasa kwa kidole gumba.

“Hii si jeti peke yake,” akasema. “Nani aligusa taimingi?”

“Ni mimi.”

Alinirudishia pistoni. “Mwambie mwenyewe,” akasema.

Nilimwambia mume wangu jioni ileile, akiwa kitandani ameegemea mto. Nilimwambia kwamba la jeti lilikuwa la kutojua, lakini la pili lilikuwa la majivuno. Alifunga macho. Nilidhani amelala, kisha akasema, “Irudishe ilivyokuwa. Usiongeze kitu.” Miezi miwili, bega likiendelea kupona, hatukuzungumza habari hizo tena, ila nilimwona akiitazama pikipiki ikiwa imeegemezwa ukutani jinsi mtu anavyomtazama mbwa aliyewahi kumng'ata.

Niliweka pistoni mpya, nikarudisha bamba kwenye alama ya kiwandani, na ile jeti ya Nairobi nikaiacha ndani. Lakini sikumruhusu aipande kwanza. Mimi sikuwa nimewahi kuiendesha kupita mwisho wa mtaa. Asubuhi moja nilivaa suruali yake, nikafunga kitambaa kichwani, nikashika Jogoo Road nikielekea Donholm. Vidole vinne vya kushoto havikuondoka juu ya klachi hata mara moja. Kila injini ilipobadilisha mlio kidogo, nilikuwa tayari kuivuta hiyo klachi. Lori likanipita, upepo wake ukanisukuma pembeni, nami nikapiga kelele ndani ya kitambaa bila mtu kusikia. Nilifika Donholm, nikageuza, nikarudi. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kiasi kwamba mama mkwe ndiye aliyenifungulia kitambaa.

Tulikaa nayo miaka mingine mitatu. Mume wangu aliipanda, lakini hakuwahi kuifungulia mafuta yote tena. Mtu aliyeinunua mwishowe alikuwa wa Mukuru kwa Njenga, aliitaka ya kwendea kiwandani. Nilimuuliza kama ana watu wake Magadi, au Makindu, au pwani. Akashangaa, akasema yeye haendi mbali kuliko Embakasi. Hata hivyo nilimweleza habari ya jeti, nikamweleza mara ya pili, na alipoipiga kiki nilikuwa bado naongea.